Mbwa wako anakojoa damu? Usikimbilie duka la dawa

Kama unafuga mbwa mtaani, kaa hapo kidogo nikupe stori.

Mwaka jana Pilipili, koko jike niliyemwokota Umoja akiwa mdogo, alianza vituko. Kila dakika kumi yuko mlangoni anataka kutoka. Akitoka anachuchumaa, anajikaza, yanadondoka matone mawili. Siku ya tatu matone yakawa na damu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili lakini hujiona daktari wa intaneti. Nikafanya kile ambacho huenda hata wewe ungefanya: nikanunua amoksilini za watu, nikamfichia kwa ugali. Dozi? Nilikisia tu. Siku mbili baadaye damu ikakatika. Si amepona? Zilizobaki nikatupa kwa droo.

Wiki tatu hazikuisha, damu ikarudi. Nikafungua droo. Akapata nafuu kidogo, kisha ikarudi tena. Mara ya tatu dawa haikufanya lolote.

Hapo nikakopa kwa simu, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Swali la kwanza: "Umempa nini nyumbani?" Nikasema sijampa kitu. Akanyamaza, akaniangalia tu. "Kijana, sema ukweli ndio nijue pa kuanzia." Nikasema.

Alitoa mkojo kibofuni kwa sindano, maana ule wa kukinga chini huchanganyika na bakteria wa nje. Ukapelekwa maabara. Huko bakteria husambazwa kwenye kisahani, kisha juu yake vinawekwa vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa tofauti, na kisahani kinaachwa bakteria waote. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuizunguka. Isiyofanya kazi, bakteria huota hadi ukingoni.

Majibu yakaja baada ya siku chache: E. koli. Huyu kwa kawaida huishi utumboni, lakini akipanda njia ya mkojo ndiye msumbufu mkuu wa UTI za mbwa, hasa majike. Amoksilini haikuwa na duara lolote. Droo yangu yote ilikuwa takataka.

Sasa elewa hapa: Pilipili hakuwa "amezoea dawa". Waliozoea ni bakteria. Kila ukirusha antibiotiki, wanyonge wanakufa, wagumu wanabaki na nafasi ya kuzaana. Halafu wanapeana jeni za usugu, hata na bakteria wa aina nyingine, kama nyinyi mnavyopeana nywila ya waifai kwa ploti.

Na usidhani suluhu ni kummwagia dawa nyingi. Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa mifugo wa 2019 unapendekeza siku 3 hadi 5 tu kwa UTI ya kawaida ya mbwa. Kosa langu lilikuwa kukisia, tena na tena.

Kisha daktari akauliza swali lililonikosesha usingizi: "Nyumbani unaishi na nani?" Naishi na dada yangu. Pilipili hulala kitandani kwake. Na dada huyo husumbuliwa na UTI, ambayo kwa watu pia husababishwa zaidi na E. koli. Watafiti wamewahi kukuta E. koli wa ukoo mmoja kwa mbwa na kwa mwenye mbwa. Siwezi kusema ilitokea kwetu. Lakini siku hiyo nilijua kwamba ile droo haikuwa ya Pilipili peke yake.

Hili si jambo dogo. Mwaka wa 2019 pekee, usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alionya kuhusu dozi pungufu katika hotuba yake ya Nobel 1945. Miaka hiyo yote, na bado mimi nakisia kwa ugali.

Basi ukiona mbwa wako anajikaza, anakojoa damu au analamba huko chini kila saa, mpeleke kwa daktari. Uliza kama mkojo unaweza kupimwa kabla ya dawa, hasa tatizo likijirudia. Sema ukweli kuhusu ulichompa. Na usimpe dawa za watu. Za maumivu kama ibuprofeni zinaweza hata kumuua.

Pilipili alipona kwa dawa iliyochaguliwa na kile kisahani. Mkopo niliumaliza miezi miwili baadaye. Kwa pesa hizo ningempeleka kwa daktari siku ya kwanza, na chenji ibaki.