Pasi ya Nywele na Hewa ya Pwani

Mwanamke anayenyooshwa nywele asubuhi katika saluni ya Mtwara mjini huweza kufika Mikindani jioni nywele zimeshaanza kujikunja. Lawama humwangukia msusi, ilhali sababu imo hewani. Joto hukata vifungo vya haidrojeni vilivyomo katika keratini, protini inayojenga unywele. Unywele unapopoa ukiwa umenyooka, vifungo hujiunga upya katika umbo hilo. Unyevu huvilegeza tena. Na kutoka Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, unyevu haukosekani, hasa majira ya mvua. Hivyo pasi hurudiwa kesho na keshokutwa, na madhara hutokana zaidi na marudio hayo.

Kifaa chenyewe si kigeni. Katika miaka ya 1870 Marcel Grateau, msusi wa Paris, alisifika kwa kutia nywele mawimbi kwa koleo la moto. Baadaye kitana cha chuma kilienea miongoni mwa Wamarekani weusi, kisha kikafika kwetu, kikapashwa juu ya jiko la mkaa. Wapo bibi wanaoikumbuka harufu yake. Mkaa hauna kipimo: msusi hukigusisha kitana kwenye karatasi, na ikibabuka hungoja kipoe. Pasi ya umeme huweza kufika nyuzi 230 za Selsiasi, na mara nyingi huachwa hapo hapo. Isiyo na kirekebisha joto haijaupita mkaa kwa lolote.

Hatari zaidi ni kupiga pasi nywele mbichi. Maji huchemka ndani ya unywele, hufanya viputo, nao hukatika. Koleo la nyuzi 125 tu, likishikiliwa dakika moja, latosha kuleta madhara hayo.

Mwaka 1968 madaktari wa Marekani walieleza upara unaoanzia utosini, wakaulaumu moja kwa moja kitana cha moto. Ikaja kubainika kwamba baadhi ya wagonjwa hawakuwahi kukitumia. Mwaka 2019 watafiti walihusisha ugonjwa huo na mabadiliko katika jeni iitwayo PADI3. Kwa hiyo haitoshi mgonjwa kuambiwa aache pasi, wala si haki kupewa dawa ya mapunye bila kuchunguzwa. Utosi ukionekana laini, unaong'aa, usio na vitundu vya nywele, kovu limeshaanza, na nywele za mahali hapo hazitarudi. Zinazookolewa ni za pembeni. Apumzishwe joto na misuko inayobana, apelekwe mapema kwa daktari wa ngozi, na aulizwe pia hali ya nywele za mama yake na dada zake.