Bafle inayowasikia watoto lakini haimsikii kambo



Katika mikutano yetu ya karibuni, wengi mliuliza kuhusu zile bafle ndogo ambazo mtu anazisemesha nazo zinajibu. Zinaingia hapa Lubumbashi ndani ya masanduku ya ndugu wanaotoka Ubelgiji, Afrika Kusini au Dubai. Wengine mliuliza kama zinafaa kwa watoto wa masomo. Wengine mliuliza kama ni kweli kwamba zinasikiliza kila neno linalosemwa nyumbani. Kwetu ipo moja tangu majuma sita, zawadi ya shemeji yangu anayeishi Ulaya. Leo ninawaeleza tuliyoyaona, mazuri na mabaya, ili kila mama aamue mwenyewe.

Ni chombo gani?

Kwa kuiangalia, ni bafle kama nyingine, ukubwa wake kama kopo la maziwa ya unga. Kampuni ya Amazon ilianza kuuza ya kwake, Echo, huko Marekani mwaka 2014. Google ilifuata na Google Home mwaka 2016. Siku hizi kampuni nyingi zinatengeneza.

Ndani yake mna mikrofoni ndogondogo zinazongojea jina fulani. Ukitaja jina hilo, taa inawaka, na maneno yako yanasafiri kwa intaneti hadi kwenye mashine kubwa za kampuni iliyoitengeneza. Mashine hizo ndizo zinazotafuta jibu na kulirudisha, na bafle inalisema kwa sauti. Kwa hiyo akili haimo ndani ya bafle, iko mbali. Intaneti ikikatika, inakuwa kopo tu. Nyingi hazina batri, basi umeme ukienda, nayo inanyamaza.

Inasaidia wapi?

Nitaanza na jikoni. Mikono ikiwa ndani ya bukari, huwezi kushika telefone. Unasema tu, "Nijulishe baada ya dakika 40," nayo inalia wakati maharagi yanahitaji kuongezewa maji juu ya mbabula. Tangu iingie, tumeunguza sufuria chache zaidi, na makala ya mbabula nayo yanadumu kidogo.

Binti yetu wa miaka 12 anajitayarisha kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Anaiuliza miji mikuu ya nchi, hesabu za kuzidisha, na jinsi ya kutaja maneno magumu ya Kifaransa. Anarudia swali lile lile mara tano, na hakuna anayemcheka wala kumkemea. Kwa mtoto mwenye haya, hilo si jambo dogo.

Lakini mwalimu haombi jibu peke yake, anaomba njia ya hesabu. Bafle inatoa jibu tupu. Kwa hiyo tumeweka sharti: kwanza andika kazi yote katika kaye, kisha uliza ili kuhakikisha. Asiyeandika haulizi.

Feza na umeme

Bafle yenyewe haili umeme mwingi. Kinachomaliza feza ni mega. Maswali madogo hayali sana, lakini muziki unakula: saa moja ya nyimbo za intaneti inaweza kumaliza mega 60 hadi 120. Watoto wakiiacha iimbe tangu asubuhi hadi jioni, foree ya juma nzima inaisha kwa siku mbili. Kwetu nyimbo tunazozipenda zimo tayari ndani ya telefone, na tunazipeleka kwenye bafle kwa Bluetooth.

Jambo la pili ni umeme unaorudi. Sisi wote tunajua namna unavyokatika, na namna unavyorudi kwa nguvu nyingi na kuunguza vitu. Ukikatika, chomoa bafle na modemu kwenye prizi. Kama una stabilizateri, ziunganishe hapo. Ukipewa bafle hii na nyumba haina intaneti ya kudumu, ni vema kujua mapema kwamba zawadi hiyo inaomba feza kila mwezi.

Kambo hasikiwi

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mama mkwe wangu anaishi pamoja nasi. Ana miaka 71, anasema Kiluba na Kiswahili, hakusoma shule, na macho yake yamepungua nguvu. Tulipoona chombo hiki, tulifikiri ni yeye atakayefaidika kuliko wote. Hakuna cha kusoma, hakuna cha kubonyeza. Mtu anasema tu. Angeuliza saa, angekumbushwa dawa yake, angeomba nyimbo za kanisa.

Siku ya pili alijaribu. Aliita kwa heshima, kama mtu anayebisha hodi: "Mama wa ndani ya bafle, sasa ni saa ngapi?" Bafle ilijibu kwa Kifaransa kwamba haikuelewa. Akarudia polepole zaidi. Ikajibu vile vile. Watoto wakacheka. Hakuuliza tena.

Bafle yetu inasikia Kifaransa, Kiingereza na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo katika orodha yake. Hata mimi ninayejua Kifaransa inanishinda mara nyingi, kwa sababu hapa Lubumbashi tunachanganya: sentensi inaanza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kifaransa. Mtoto wetu wa miaka 4, ambaye bado hajui Kifaransa, amejifunza sentensi moja ya kuomba wimbo, anaisema kama kasuku. Hivyo katika nyumba yetu, aliyesoma anasikiwa, mtoto anajifunza njia ya kusikiwa, na mwenye nyumba mkubwa kuliko wote anabaki nje. Chombo kisichohitaji kusoma kimewafungia mlango wale wasiosoma.

Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini mashine hazifundishwi na katiba. Zinafundishwa kwa sauti za watu zilizorekodiwa kwa wingi, na kampuni zinaanza na lugha za wanunuzi wao. Kazi ya Kiswahili imekwisha kuanza: tangu mwaka 2017 Google imekiweka kati ya lugha ambazo telefone inaweza kuziandika unaposema, na mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla unakusanya sauti za watu wa kawaida wanaojitolea, Kiswahili kikiwa kimojawapo. Ila katika orodha ya Google utakuta Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Kiswahili cha kambo wa Katanga bado kinangoja.

Tuliona pia kwamba majibu yenyewe yanatoka mbali. Jioni moja mtoto aliuliza mahindi yanapandwa mwezi gani. Bafle ikajibu: Aprili na Mei. Kambo alipoelezwa kwa Kiswahili alishangaa. "Aprili mvua inaisha. Huyo analima wapi?" Jibu lile lilikuwa la mashamba ya Ulaya. Hapa kwetu tunangoja mvua zishike vizuri, tunapanda Novemba. Siku hiyo watoto hawakumcheka yeye. Walimkaribia, na akawaeleza namna walivyokuwa wakilima kijijini, namna ya kuchagua mbegu, na namna ya kujua mvua ya kweli na mvua ya kudanganya.

Tangu hapo tumeweka desturi mbili. Ya kwanza: mtoto akiuliza jambo mbele ya kambo, anatafsiri jibu lote kwa Kiswahili, na kambo anasema kama ni kweli kwetu au hapana. Ya pili: tangu chakula cha jioni, bafle inachomolewa. Ule ni wakati wa vitendawili na hadithi, ambao ulikuwa umeanza kupotea bila mtu yeyote kuamua upotee.

Sauti ya mwanamke anayeamrishwa

Kuna jambo lingine ambalo sisi wamama hatuwezi kulinyamazia. Sauti ya bafle yetu ilikuwa ya mwanamke. Kijana wetu wa miaka 9 alianza kuiamrisha kwa kelele: "Nyamaza! Leta wimbo! Haraka!" Juma lililofuata nilimsikia akimwambia dada yake "Leta maji! Haraka!" kwa sauti ile ile.

Si sisi tu tulioona hatari hiyo. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti kuhusu vyombo hivi. Ilionya kwamba kuvipa sauti za kike, zinazotii kila amri na kuvumilia matusi, kunaimarisha wazo kwamba mwanamke ameumbwa kutumika. Kwetu tulibadilisha sauti katika mipangilio, tukaweka ya kiume. Pia tuliwaambia watoto: katika nyumba hii tunasema kwa adabu, hata na kopo.

Masikio ndani ya salo

Salo zetu si za familia tu. Ndipo tunapohesabu feza za likelemba. Ndipo dada anapokuja kulia kwa sababu amepigwa, au kuomba shauri kuhusu binti yake. Maneno hayo ni amana.

Kwa kawaida bafle inatuma sauti baada ya kusikia jina lake. Lakini inaweza kudhani imeitwa wakati hakuna aliyeiita. Mwaka 2018, huko Portland, Marekani, Echo ya familia moja ilirekodi mazungumzo ya nyumbani na kuyatuma kwa mtu aliyekuwa katika orodha ya majina yao. Amazon yenyewe ilikubali kwamba jambo hilo lilitokea. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 25 baada ya serikali ya Marekani kuishitaki kwamba ilihifadhi sauti za watoto hata pale wazazi walipoomba zifutwe. Kongo nayo ina Kodi ya numeriki tangu Machi 2023, inayosema kwamba habari za mtu zinalindwa. Lakini kinga ya kwanza ni mkono wa mama kwenye prizi.

Kuna pia usalama wa watoto. Desemba 2021, Marekani, binti wa miaka 10 aliomba mchezo wa kujipima uwezo, na bafle ikamwambia aguse meno ya prizi kwa sarafu. Kwa bahati mama yake alikuwa karibu. Kampuni ilisema imerekebisha kosa hilo. Sisi tunabaki na somo: mtoto mdogo haachwi peke yake na chombo hiki.

Mashauri kwa nyumba yako

1. Iweke salo au jikoni, mahali wazazi wanaposikia. Usiiweke chumbani kwa watoto wala kwa wazazi.

2. Jifunze kifungo cha kufunga mikrofoni. Kwa bafle nyingi taa inabadilika rangi ikifungwa. Waonyeshe watoto wote, na kambo pia.

3. Mgeni akija na siri, au chama kikikutana, usitegemee kifungo peke yake. Chomoa.

4. Ndani ya programu ya telefone mna mahali pa kusikiliza na kufuta sauti zilizohifadhiwa. Fanya hivyo kila mwezi. Ukisikiliza, utajua nini kimerekodiwa.

5. Dawa, homa ya mtoto, uja uzito: hayo ni ya kituo cha afya. Usichukue kipimo cha dawa kutoka kwa bafle.

6. Kama mzazi wako hasomi, telefone bado inamfaa zaidi. Ujumbe wa sauti kwa WhatsApp unapokea Kiswahili, Kiluba, Kibemba, lugha yoyote, kwa sababu anayesikiliza ni mtu.

Je, tununue?

Kama nyumba haina umeme wa kutosha wala intaneti, feza hiyo inafaa zaidi kwa taa ya jua au vitabu. Kama umepewa zawadi, ipokee, na uipangie sheria siku ya kwanza, kabla haijazipanga yenyewe. Kwetu inabaki, kwa ajili ya maharagi na masomo ya binti.

Kwa mkutano wa juma lijalo, tunaomba kila kundi lizungumze maswali haya matatu. Nyumbani kwako, jioni, nani anasema na nani anasikilizwa? Ni neno gani la salo yako ambalo hungependa litoke nje? Na watoto wako wakitaka kujua jambo, wanamwendea nani kwanza? Andikeni majibu yenu, au mletee mwandishi wa kundi ujumbe wa sauti. Kwa Kiswahili cha hapa kwetu, bila shaka.