Kusomea Sheria Ng'ambo kwa Cheti Kisicho Kamili

Kila matokeo ya KCSE yatangazwapo, wako vijana wa Mji wa Kale na Kisiwa kizima cha Mombasa ambao hutazama alama zao, wakaona kwamba tamaa ya uwakili imekwisha. Wengine husikia kwamba ng'ambo hakuna masharti, wakafanya haraka kulipa karo. Wote wawili hukosea, na yafaa jambo hili lielezwe vizuri.

Wazee wengi wa Mombasa wanakijua kisa cha Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa hapa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kijana huyu alipata daraja la tatu tu katika mtihani wa Cambridge, na Makerere haikumpokea. Alifanya kazi ya ukarani katika Chuo cha Kiislamu cha Mombasa, kisha akapata msaada wa masomo kwenda Huddersfield, Uingereza. Huko hakuanza chuo kikuu mara moja, bali alikamilisha kwanza masomo ya sekondari. Ndipo akaingia Manchester, akapata shahada mwaka 1960, na baadaye akawa profesa Makerere. Yeye hakusomea sheria, lakini njia aliyoipita ingaliko: aliyepungukiwa na alama hurudi nyuma hatua moja, akajenga upya.

Kwa mwombaji wa leo, hatua hiyo ni mwaka wa matayarisho, au mitihani ya A-level. Vyuo vikuu vingi vya Uingereza havimpokei mwenye KCSE moja kwa moja hata kama alama zake ni nzuri. Kwa hiyo alama za matayarisho ndizo zitakazotazamwa zaidi. Baadhi ya vyuo, kama Oxford na London School of Economics, huongeza mtihani uitwao LNAT, unaopima jinsi mtu asomavyo kwa makini na kujenga hoja, wala si masomo aliyokariri. Marekani mambo ni mbali: huko sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, basi mwombaji ana miaka kadhaa ya kurekebisha jina lake.

Katika barua ya maombi, alama mbaya isifichwe. Kama ililetwa na ugonjwa, msiba au kukosa karo, sababu itajwe kwa maneno machache, kisha mwombaji aonyeshe alilofanya tangu hapo. Kughushi cheti ni kosa la jinai, na mwenye kuanza sheria kwa uwongo amejifungia mlango mwenyewe.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo jamaa wengi hulisahau: kurudi nyumbani. Shahada ya ng'ambo pekee haimfanyi mtu kuwa wakili wa Kenya. Lazima itambuliwe na Baraza la Elimu ya Sheria, na huenda mwenyewe akaamriwa kusoma masomo ya sheria ambayo hakuyasoma huko. Kisha lazima apite Kenya School of Law. Sheria ya chuo hicho ya mwaka 2012 inataja, kwa baadhi ya waombaji, wastani wa C+ katika KCSE pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili, na maana ya masharti hayo imebishaniwa mahakamani mara nyingi. Mzazi aweza kuuza kiwanja kwa ajili ya karo ya miaka mitatu, na mtoto akarudi na shahada safi, halafu akaulizwa habari za cheti cha kidato cha nne.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwombaji aliandikie Baraza na chuo hicho, aeleze alama zake zote na chuo anachokusudia, na jibu alihifadhi. Alama ndogo si aibu, na mara nyingi huweza kurekebishwa. Linaloumiza ni kuuliza baada ya safari swali lililopasa kuulizwa kabla yake.