Plaki ya Madagascar, safari ya Iran: namna ndege zinavyokwepa vikwazo

Mwezi wa saba mwaka wa 2025, ndege tano kubwa aina ya Boeing 777 ziliondoka Cambodia zikiwa na usajili wa Madagascar. Hazikufika Madagascar. Zilitua Iran, inchi ambayo Marekani inakataza kuuziwa ndege. Huko Antananarivo uchunguzi ulifunguliwa na watu kadhaa wakakamatwa, kwa sababu alama iliyoandikwa ubavuni mwa ndege hizo ilikuwa ya inchi yao.

Alama hiyo ni kama plaki ya gari: inaonyesha inchi inayowajibika kwa ndege. Kwa ndege yenye zaidi ya asilimia 10 ya vipande vya Marekani, lazima Washington itoe ruhusa kabla haijapelekwa Iran. Sheria hiyo inagusa hata Airbus za Ulaya. Kisha makubaliano ya nyuklia ya 2015, kampuni ya serikali, Iran Air, iliagiza Airbus 100. Ilipata 3 tu kabla ya Marekani kujitoa mwaka wa 2018.

Kwa hiyo ndege zilizokwisha kutumika zinapita njia ya kuzunguka. Kampuni ndogo ya inchi ya tatu inanunua, inaomba usajili wa muda, halafu inatangaza safari ya mahali pengine. Mwaka wa 2015, Mahan Air, iliyowekewa vikwazo na Marekani tangu 2011, ilipata Airbus 9 kupitia kampuni ya Iraki, Al-Naser Airlines. Mwishoni mwa 2022, Airbus A340 nne ziliondoka Johannesburg zikisema zinaenda Uzbekistan, zilitua Iran. Mwezi wa pili 2024, A340 mbili zenye usajili wa Gambia zilitoka Lithuania kuelekea Asia. Zilipokuwa juu ya anga la Iran, zilizima chombo kinachoonyesha zilipo, kisha zikatua humo.

Kwa raia wa mashariki ya Congo, hila hii si ngeni. Wakati wa vita vya 1998–2003, ndege za mtandao wa Viktor Bout zilitumia usajili wa inchi kama Liberia. Umoja wa Mataifa ulimuweka Bout kwenye orodha ya vikwazo kuhusu Congo mwaka wa 2005.

Wanaopata faida hawaonekani. Inchi iliyotoa usajili ndiyo inabaki kujieleza. Abiria wa Iran nao wanaendelea kupanda ndege za zamani, ambazo vipande vyake ni vigumu kupata.

Na ndege ikisha kuingia Iran, kutoka ni hatari. Boeing 747 iliyokuwa ya Mahan Air, ikauzwa Venezuela, ilizuiwa Argentina mwaka wa 2022. Mwezi wa pili 2024 ilipelekwa Florida, na huko ikakatwa vipande.