Shingo Ikipinda, Usikimbilie Ubani

Siku ya pili tangu kijana aanze vidonge vya haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, shingo inampinda upande mmoja. Macho yanageukia juu, hayashuki. Taya limekaza, ulimi unamtoka. Anasikia kila neno linalosemwa chumbani, ila kujibu hawezi. Wazee wanatazamana: kapandwa huyu. Mtu anatumwa akalete ubani.

Si pepo. Haloperidoli hutuliza sauti anazosikia mgonjwa na hofu kwa kuizuia dopamini ubongoni, na dopamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuongoza misuli. Mkazo huu huwapata hasa vijana wa kiume, siku chache za mwanzo. Hospitalini, sindano ya promethazini au biperideni huulegeza, mara nyingi kabla ya nusu saa kwisha. Mkazo ukishuka kooni hubana pumzi, basi asicheleweshwe hata kwa dua. Dua isomwe njiani.

Iko hatari nyingine ya dawa hiyohiyo, adimu lakini inaua, na huku kwetu ni rahisi kuidhania malaria. Daktari Jean Delay wa Paris na wenzake waliieleza mwaka 1960, walipokuwa wakiijaribu haloperidoli. Homa inapanda, mwili unakuwa mgumu kama ubao, jasho linatiririka, moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linapanda na kushuka, mgonjwa haelewi alipo. Misuli ikianza kuvunjika, mabaki yake huziba figo na mkojo hugeuka rangi ya chai kavu. Hata kipimo cha malaria kikisoma chanya, ugumu huo wa mwili bado unataka maelezo.

Linaloniuma zaidi ni hili: mgonjwa akichanganyikiwa hivyo, nyumbani husemwa wazimu umerudi, naye huongezewa kidonge. Kumbe dawa hiyo ndiyo ya kusimamishwa papo hapo, apelekwe hospitali apozwe mwili, atundikiwe maji na figo ziangaliwe. Aliyechomwa dawa hiyo kwa sindano ya kila mwezi huhitaji uangalizi mrefu zaidi, maana dawa iliyokwisha kuingia msulini haitolewi.

Mnapotoka nyumbani, chukueni pakiti zote na kadi ya kliniki. Mwambieni muuguzi mlangoni, kabla hajauliza, ni dawa gani na ilianza lini. Akipona, mwulizeni daktari matibabu yataendeleaje. Kwa kawaida husubiri angalau wiki 2, kisha huanza na dawa nyingine kwa dozi ndogo, huku homa ikipimwa.