Kompyuta mpya inapoganda bila sababu

Kwa muda wa wiki tatu nyumba yetu ilikuwa na kesi, na mshitakiwa alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Kijana huyu, aliyekuwa akisubiri matokeo ya kidato cha sita, alituomba tusinunue kompyuta iliyoundwa kiwandani, bali tumpe fedha hizo akanunue vifaa Kariakoo, kimoja kimoja, aiunge mwenyewe. Tulikubali kwa shingo upande. Aliiunga kwa siku mbili juu ya meza ya chakula, ikawaka mara ya kwanza ilipowashwa, nasi tukampongeza mbele ya wageni.

Siku ya nne ikaganda. Mama yake alikuwa akiingiza michango ya mfuko wa mazishi wa mtaa, amana aliyokabidhiwa na wenzake, mara kishale kikasimama, kibodi ikawa haisikii, na saa iliyo pembeni mwa skrini ikabaki 3:17 usiku. Haikuzimika, wala haikuonyesha maneno yoyote ya kosa. Ikabidi tushikilie kitufe mpaka izime. Michango ya kaya kumi na moja ikapotea. Tangu hapo iliganda itakavyo: mara mbili ndani ya saa moja, kisha siku mbili kimya, pengine hata pasipo mtu kuigusa.

Tulimlaumu kijana. Tulisema, tena mbele ya wadogo zake, kwamba fedha imepotea kwa ubishi wake. Hakujibu.

Kisha tukafanya kosa jingine, ambalo tunadhani limefanywa katika nyumba nyingi. Jioni moja tulibadilisha mambo manne kwa pamoja: tulifuta Windows na kuiweka upya, tukaongeza feni, tukahamisha waya kwenye soketi nyingine, tukachomoa printa. Siku mbili haikuganda, tukashangilia. Ya tatu ikaganda. Na hata kama ingepona, tusingejua dawa ilikuwa ipi.

Mjomba wa watoto, ambaye ni fundi wa kompyuta, alipotutembelea alisikiliza yote, kisha akaomba daftari. "Shemeji," alisema, "kuanzia leo gusa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kila ikiganda, andika saa na kilichokuwa kikifanyika."

Tulianza na joto. Prosesa ilikuwa nyuzi 60 hivi wakati wa kazi, ilhali prosesa nyingi hustahimili hadi kwenye 95 au 100 kabla ya kujipunguzia kasi. Joto likaachiliwa. Mjomba akaleta pawa saplai yake iliyo nzima. Ikaganda vile vile. (Pawa saplai yenyewe haifunguliwi nyumbani: hubaki na umeme ndani hata ikichomolewa.) Katika rejesta ya matukio ya Windows tulikuta namba 41 kila mara. Wengi wakiiona hukimbilia dukani, lakini namba hiyo husema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu, na sisi ndio tuliokuwa tukiizima.

Ikabaki kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita rami. Humo ndimo mashine huweka kila inachokifanyia kazi kwa wakati ule. Sehemu ndogo tu ya rami ikiharibika, madhara hutegemea ni kitu gani kimeangukia hapo; leo ni herufi moja ya barua, kesho ni kiini cha mfumo wenyewe. Ndiyo maana daftari letu halikuonyesha mpangilio wowote. Kijana akakiri mambo mawili: kwamba vijiti vyake viwili vya gigabaiti 8 alivinunua maduka mbalimbali ili kuokoa fedha, na kwamba katika bayosi aliweka kasi ya 3200 iliyoandikwa kwenye kibandiko. Kasi hiyo huzidi ile ya kawaida ambayo ubao mama huanza nayo, na si kila prosesa huivumilia. Akairudisha ya kawaida, 2133. Kuganda kukapungua, lakini hakukwisha.

Hapo mjomba akaweka programu ya Memtest86 kwenye flashi, mashine ikawashwa kutoka humo bila kupitia Windows. Tuliianzisha baada ya Isha. Alfajiri tulikuta mistari myekundu, naye akatuambia kuwa hata mmoja ungetosha. Basi tukachomoa waya wa umeme, tukagusa bati la kasha kabla ya kushika kifaa, tukapima kijiti kimoja kimoja katika tundu lile lile. Cha kwanza kilipita usiku kucha kikiwa safi. Cha pili kilitoa wekundu ndani ya saa moja. Tukakihamishia tundu jingine, wekundu ukakifuata.

Tulikwenda dukani na risiti pamoja na picha ya skrini ile, tukabadilishiwa bila maneno mengi. Kijiti kipya nacho kilipimwa usiku mzima kabla ya mtu kuruhusiwa kuandika chochote.

Asubuhi yake baba alimwita kijana mbele ya wadogo zake wale wale, akamwomba radhi. Kijana aliinamisha kichwa, akasema, "Yameisha, baba." Mama alikuwa tayari ameketi na bahasha ya risiti, akiingiza upya michango ya kaya kumi na moja.