Mafuta ya Transfoma Si ya Kaangoni, Hata Yakitoka Shambani

Katika njia ya Malindi kwenda Kakuyuni, kama ilivyo kwingineko nchini, transfoma zimekaa juu ya nguzo zetu za umeme, masanduku ya chuma yenye mbavu za nje. Wachache wetu tumepata kujiuliza ndani yake mna nini. Mna nyaya zilizoviringwa na kufungwa kwa karatasi, nazo zimezamishwa katika mafuta. Mafuta hayo huuzuia umeme usiruke pasipo mahali pake, na tena huzipoza nyaya: yaliyopata moto hupanda juu, hupita katika zile mbavu yakapigwa na upepo, kisha hushuka chini yakiwa yamepoa. Ni mzunguko ule ule ambao kila mama ameuona katika sufuria ya maji jikoni.

Mafuta yenyewe, kwa zaidi ya karne moja, yametokana na petroli. Na hapa ndipo jambo la umeme linapotuingilia majumbani. Mwishoni mwa mwaka 2014 shirika la habari la Al Jazeera lilieleza jinsi wezi nchini Kenya wanavyoyafyonza mafuta ya transfoma na kuwauzia wakaangaji wa vyakula kando ya barabara, kwa kuwa hudumu kaangoni kuliko mafuta ya kupikia. Transfoma iliyokaushwa haikawii kuungua, na ikiungua husimama mashine ya kusaga, pampu ya kisima na jokofu la chanjo katika zahanati. Kaya zote zilizounganishwa nayo hulala gizani kwa sababu ya madumu machache ya mafuta.

Madhara ya mwilini ni makubwa zaidi. Baadhi ya transfoma za zamani zina kemikali ijulikanayo kwa herufi PCB, ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitia mwaka 2013 katika daraja la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Moto wa jiko hauiondoi. Hukaa katika mafuta ya mwili, na mama humpitishia mtoto wake katika maziwa ya kifua. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Kenya imo, uliweka mwaka 2025 kuwa kikomo cha kutumia vifaa vyenye kemikali hiyo.

Sasa imekuja habari njema, nayo ndiyo iliyotusukuma kuandika. Tangu miaka ya 1990 wahandisi, kwanza Marekani, wamekuwa wakijaza transfoma kwa mafuta ya soya na ya alizeti yaliyosafishwa kwa namna maalumu. Mvuke wa mafuta ya petroli waweza kushika moto yakifikia nyuzijoto 150 hivi. Haya ya mimea hustahimili mpaka kupita 300. Yakimwagika shambani, viini vya udongoni huyala kwa muda mfupi. Tena huivuta unyevu kutoka katika ile karatasi ya ndani, ikadumu miaka mingi zaidi. Kasoro zake mwanamke yeyote mpishi azijua: ni mazito kuliko yale mengine, na yakiachwa wazi kwa hewa huchacha, kwa hiyo sanduku lake hufungwa pasipite pumzi. Bei yake nayo iko juu.

Lakini twaihofia kauli moja, kwamba ikiwa ni mafuta ya alizeti, basi kuna ubaya gani kuyakaangia viazi? Ubaya upo. Mafuta hayo hutiwa dawa za kuyazuia yasichache na yasigande, ambazo hazikukusudiwa tumbo la mtu. Yakisha kukaa miaka mingi juu ya shaba na karatasi iliyopata moto, huwa yamebeba mabaki ya vyote hivyo. Na wizi haubadiliki kuwa halali kwa kubadilika asili ya mafuta. Anayeyanunua hali ajua yalikotoka ameshiriki, na anayeuliza bei bila kuuliza asili, sisi hatumwoni kuwa amesalimika.

Wenyeji wa Kilifi watauliza kuhusu nazi. Swali lao lina maana, kwani wahandisi wa Sri Lanka wameyajaribu mafuta ya nazi katika transfoma tangu mwanzoni mwa karne hii. Yana sifa ya kutochacha upesi. Tatizo ni lile tulionalo wenyewe katika chupa zetu asubuhi za kusi: chini ya nyuzi 24 hivi huganda, na mafuta yaliyoganda hayazunguki wala hayapozi. Transfoma inayofanya kazi huwa na joto lake, lakini umeme ukikatika usiku kucha mahali penye baridi kama Limuru, pana mashaka. Pwani yetu huenda ikayafaa zaidi, na tungependa kuwaona vijana wetu wa vyuo vya ufundi wakilipima jambo hili.

Kwa sasa, akina mama, mafuta yanayouzwa kwa dumu lisilo na jina, kwa bei isiyoaminika, msiyaingize ndani. Na mkiona transfoma inavuja, waondoeni watoto, msikinge ndoo, mkaipigie Kenya Power kwa nambari 97771.